Nyuki wa Mtahiniwa wa Nne

Jumamosi tarehe 14 Machi 2015, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alfajiri, mvua iliyoinyeshea Bogor usiku kucha ilikatika. Iliacha mawingu mazito yaliyokaa juu ya mapaa, na baridi ambayo mji wetu hauioni mara nyingi. Nilikuwa nimesimama kwenye lango la bustani ya taasisi ya wadudu, mwavuli mkononi, orodha ya watahiniwa mfukoni. Watu watano waliwania nafasi moja ya mpiga picha wa mkusanyiko wa wadudu wa taasisi. Nafasi ya namna hiyo, yenye mshahara wa serikali na pensheni, ilikuwa haijatangazwa kwa miaka kumi na mmoja.

Kanuni za mtihani nilizitunga mimi, mmoja wa majaji watatu. Kila mtahiniwa angepewa saa mbili bustanini, apige picha za mdudu hai, kisha kabla ya saa nne alete picha moja iliyokamilika pamoja na kadi ya kamera yenye faili zote. Mdudu asifungwe, asigundishwe, asigandishwe kwa barafu. Kanuni ya saba ilisema kwamba hakuna picha itakayokataliwa kwa tuhuma ya udanganyifu kabla majaji wote watatu hawajafungua faili zake. Kanuni hiyo niliiandika kwa uchungu. Miaka miwili nyuma mwanachama mmoja wa klabu yetu ya wapiga picha alisifiwa hadi nchi za mbali kwa picha ya chura aliyeshika jani, mpaka mtu alipoukuza mkono wa chura na kuuona uzi. Tangu siku hiyo kila picha nzuri iliyotoka Bogor ilitazamwa kama mzigo wa magendo.

Mtahiniwa wa nne alikuwa Nining Kuraesin. Nilimfundisha mwenyewe klabuni kwa miaka sita. Alikuwa na duka la fotokopi jirani na shule ya upili, alimtunza mama yake, na kila alfajiri kabla ya kufungua duka alikuwa amepiga magoti kwenye majani nyuma ya nyumba, na kamera ya mtumba. Lenzi yake ya zamani aliifunga kinyumenyume, mdomo ukitazama ndani, kama tulivyofanya sote tusiokuwa na fedha za lenzi maalumu. Kilainisha mwanga cha flashi alikikata kutoka kwenye bakuli la plastiki la tambi.

“Pak Wiganda, umemtangulia hata jogoo wa mama,” alisema akitia sahihi, akiniita Pak, yaani mzee, kama wote klabuni.

“Umekula?”

“Lontong mbili za wali. Nikifeli isiwe kwa njaa.”

“Neng, binti yangu, siku zimebaki ngapi?”

“Kumi na tisa.” Alicheka, lakini kalamu ilikwama kidogo kwenye karatasi. “Tarehe mbili Aprili natimiza thelathini na tano. Baada ya hapo kwa serikali mimi ni bibi kizee.”

Hakuwa anatania. Tangazo lilitaka mtu ambaye hajatimiza miaka thelathini na mitano, na katika nchi yetu sharti hilo halijui machozi ya mtu. Kama asingeipata kazi ile siku ile, asingeweza kuiomba tena maisha yake yote.

“Usinipendelee, Pak,” aliongeza akiwa ameshageuka.

“Sitakupendelea.”

Nilitimiza ahadi hiyo kupita kiasi, na ndiyo habari ninayoitoa hapa.

Msomaji ambaye hajawahi kuinama juu ya mdudu na lenzi hatajua ugumu wake ulipo. Ukimkaribia nyuki hadi kichwa chake kijaze picha, eneo linaloonekana kwa ukali linakuwa jembamba kuliko kadi ya kitambulisho. Mbele ya eneo hilo ni ukungu, na nyuma yake ni ukungu. Jicho likiwa kali, papasi za kichwani zinayeyuka. Ukilifunga tundu la lenzi ili eneo hilo lipanuke, linapanuka kweli, lakini ukilifunga kupita kiasi picha nzima inalegea na vinyweleo vinageuka uji. Kwa hiyo mpiga picha ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua: aamue nini kiwe kikali, alaze kamera sambamba na mwili wa mdudu ili kila kinachohitajika kiangukie mle mle kwenye unene wa kadi, na kingine akiache kipotee. Ya pili ni kupiga fremu nyingi, kila moja ikisogea mbele kwa upana wa unywele, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta, akichukua kilicho kikali kutoka kila moja.

Mimi nilikuwa mtu wa njia ya kwanza. Nilisoma shule ya bweni ambako mwanafunzi alisimama wima kabla ya chakula cha jioni na kutaja kosa lake mwenyewe, bila kuulizwa, na malezi hayo yalinifanya niamini kwamba fremu moja ni kauli moja, na kwamba mtu mwaminifu hahitaji thelathini. Kanuni zetu hazikuikataza njia ya pili. Niliidharau tu.

Saa nne na robo tulikuwa watatu chumbani: mimi, Bu Ratnasih, mama aliyekuwa mkuu wa mkusanyiko, na Kang Ujang Sapaat, mpiga picha za harusi aliyeletwa ili awepo mtu kutoka nje. Bu Ratnasih aliweka picha ya nne kwenye skrini, na Kang Ujang akapiga mluzi.

“Huyu angekuwa bibi harusi,” alisema, “ningeuza pikipiki leo nilipe mahari.”

Alikuwa nyuki wa mistari ya buluu, dume, ameuma bua la nyasi kwa taya zake na mwili wote ukining'inia hewani, maana ndivyo madume wa aina hiyo wanavyolala. Matone ya mvua yalikuwa juu ya jicho. Kutoka ncha ya papasi hadi ncha ya tumbo kila unywele ulihesabika, na nyuma yake bustani ilikuwa kijani tupu, laini, bila jani hata moja linalojitokeza.

“Fremu ngapi?” aliuliza Bu Ratnasih.

Nilisoma karatasi. “Thelathini na moja.”

“Mashaallah. Mtu wangu wa kutambua spishi analia kila siku, Pak. Mnamletea jicho zuri na tumbo la ukungu, naye anataka kuhesabu mistari ya tumboni. Hii inahesabika.”

“Na nyuki alikuwa amekaa kimya kwa fremu thelathini na moja?” niliuliza. “Imeandikwa amempiga picha saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba. Jua lilikuwa limetoka zamani. Madume hawa huondoka alfajiri.”

“Jua gani, Pak?” alisema Kang Ujang. “Mimi leo sijaliona. Nguo zangu bado ni mbichi kwenye kamba, ziulize.”

Sikucheka. Nilikuza tumbo la nyuki. Pale, kwenye ukingo wa mstari wa tatu na wa nne, palikuwa na jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakilitafuta tangu picha ilipofunguliwa: ukingo ulikuwa na mistari miwili, mmoja ukipita nje kidogo ya mwingine, kama herufi iliyopigwa chapa mara mbili.

“Tazameni,” nikasema. “Hili tumbo limebandikwa. Amempiga picha nyuki mmoja tumbo likaharibika, akabandika la mwingine. Na ili akae kimya hivyo, ametoka kwenye friji. Kisha amemning'iniza kwenye bua.”

“Aduh, Pak, huyu si mwanafunzi wako?” alisema Kang Ujang.

“Ndiyo maana namjua.”

Sentensi hiyo sikuwa na haki ya kuisema. Sikuwahi kumwona Nining akimgusa mdudu kwa miaka sita. Nilichokijua ni kwamba nilimtakia ashinde, na kwamba Bogor nzima ilijua hivyo, na niliogopa kuonekana nimeinamia upande wake. Basi niliinama upande wa pili, nikaliita tendo hilo msimamo.

“Tufungue faili,” alisema Bu Ratnasih. “Kanuni yako ya saba.”

Kompyuta ya ofisi ile ilikuwa ya zamani. Faili moja kubwa ilichukua karibu dakika mbili kufunguka, na jina la mshindi lilitakiwa Jakarta kabla ya saa sita. Bu Ratnasih aliitazama saa, akanitazama mimi, akasubiri. Ningesema neno moja tu, tungezifungua, na Jakarta ingengoja.

“Hakuna haja,” nilisema. “Kwa ukingo kama huu macho yangu yanatosha. Tumwite mwenyewe.”

Aliingia akiwa na matope magotini, akabaki amesimama. Nilimwonyesha ukingo ule.

“Hii ni nini?”

Aliinama akautazama. Alikunja uso kwa mshangao wa kweli, nami nikausoma kuwa hofu. “Sijui, Pak. Sikuuona. Zamu yangu ya kuunganisha ilikuwa dakika ishirini tu.”

“Ulimlaza nyuki kwenye barafu?”

“Nini?”

“Jibu swali, Neng.”

“Alikuwa amelala! Nililishika bua kwa mkono wa kushoto, lenzi ikakaa juu ya mkono, nikasogea kidogo kidogo bila kupumua, vilevile ulivyonifundisha. Si wewe uliyesema kamera ni ya pili, goti ni la kwanza?”

“Sikukufundisha kubandika matumbo.”

Kang Ujang alikohoa. Bu Ratnasih alisema taratibu, “Teh Nining, faili zako zipo zote kwenye kadi?”

“Zote. Hata za kabla na za baada. Fungueni basi. Kwa nini hamzifungui?” Alinigeukia. “Pak, fungua. Nakaa hapa hata mpaka Isha.”

“Mtihani umeisha,” nilisema. “Kaa nje.”

Hakulia. Alichukua mfuko wake wa kamera, na mlangoni akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekumbusha, “Siku kumi na tisa, Pak,” akatoka.

Kazi alipewa Gilang Permadi, kijana wa miaka ishirini na minne, kwa picha ya buibui mrukaji: macho mawili makali, na mwili wote uliobaki umeyeyuka kwenye ukungu. Ilikuwa picha nzuri. Bu Ratnasih alitia sahihi ya mwisho, naye hakunikaribisha chai.

Hayo yaliyosemwa chumbani hayakubaki chumbani. Sijui kama ni Kang Ujang au karani, na sikuuliza, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa yangu. Jumapili iliyofuata klabuni mtu alimwita Teh Friji, yaani Dada Friji, na watu wakaangua kicheko. Mwezi wa nne wanafunzi wa shule ya jirani walikuwa wakipita mbele ya duka lake: “Teh Friji, barafu ya mia tano!” “Teh Friji, samaki wangu anakufa, mgandishe!” Mara moja nilikuwa upande wa pili wa barabara na nikasikia. Nilijiambia kwamba aibu ni sehemu ya adhabu, nikaenda zangu kununua tofu.

Gilang alikaa miezi saba, kisha akaenda Jakarta kupiga picha za matangazo ya mikahawa. Nafasi ikatangazwa upya, kwa masharti yaleyale. Alhamisi moja mwezi Novemba Bu Ratnasih aliniita niandae mtihani mwingine, akaniketisha mbele ya kompyuta mpya.

“Futa za zamani,” alisema. “Lakini za mtahiniwa wa nne zifungue kwanza. Mimi nimeshazifungua.”

Akatoka, akafunga mlango.

Zilikuwa faili hamsini na mbili. Za kwanza kumi na saba zilipigwa kwa mbali kidogo: bua lilelile, na juu yake madume wanne waliolala kwa safu, kila mmoja ameuma nyasi kwa taya zake, matone ya mvua yamewalowesha wote. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuwapanga nyuki wanne na kuwalazimisha waume bua. Kisha zikaja zile thelathini na moja. Kompyuta mpya ilizifungua kwa kasi, na nilipokibonyeza kitufe bila kukiachia zilikimbia moja baada ya nyingine kama filamu. Ukali ukaanza kwenye papasi, ukapita juu ya jicho, ukashuka kifuani. Na tumbo, muda wote huo, lilikuwa likitoka na kurudi, likitoka na kurudi.

Alikuwa anapumua.

Nyuki hupumua kwa tumbo. Nimelijua jambo hilo kwa miaka arobaini, na nimelifundisha, hata kwa Nining mwenyewe. Ukiunganisha fremu za mdudu anayepumua, tumbo litakuwa kubwa kidogo katika fremu moja na dogo kidogo katika nyingine, na kompyuta itaacha ukingo wa mistari miwili. Mdudu aliyekufa angetoka safi bila doa. Ushahidi pekee niliouonyesha kwa kidole mbele ya watu ulikuwa ushahidi wa uhai, na mtu mmoja tu mjini Bogor alikuwa na ujuzi wa kutosha kuuona na kiburi cha kutosha kuusoma kinyume.

Fremu nne za mwisho zilimwonyesha nyuki akipangusa jicho kwa mguu wa mbele, akilegeza taya, akigeuka. Ya hamsini na mbili ilikuwa bua tupu.

Siku hiyohiyo niliandika barua kwa mkurugenzi, nikataja kosa langu na kanuni niliyoivunja, nikaomba Nining apewe nafasi bila mtihani. Jibu lilifika baada ya siku tisa. Walisikitika. Mwombaji alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano na miezi saba. Nilijiuzulu ujaji. Jumapili nilisimama klabuni, nikasema yote, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Walinisikiliza kwa adabu. Wakati wa chai kijana mmoja alisema nyuma yangu, “Kumbe Teh Friji hana friji,” wakacheka tena, na jina likabaki lilelile.

Jumatatu nikaenda dukani.

Alikuwa akiunganisha kurasa za tasnifu ya mtu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, naye hakuacha kufanya kazi. Alisikiliza, akapanga kurasa, akazigonga mezani zikalingana.

“Nilijua,” alisema nilipomaliza.

“Ulijua nini?”

“Kwamba ni pumzi. Nililijua usiku uleule, kitandani. Nikainuka nikawasha taa nikamwambia mama, ‘Alikuwa anapumua!’ Mama akadhani ni baba kafufuka.” Hakutabasamu. “Asubuhi nikaja kwako. Unakumbuka?”

Nilikumbuka. Nilimwambia mke wangu aseme sipo.

“Neng, taasisi imenipa mkataba wa kitabu cha wadudu wa bustani,” nilisema. “Picha mia mbili na kumi. Nataka upige wewe. Malipo yote yawe yako, na jina la mpiga picha liwe lako, nimeshawaandikia, wamekubali.” Niliweka bahasha ya mkataba mezani, na kando yake mfuko wa lenzi yangu, ile maalumu, niliyoinunua baada ya kustaafu. “Na hii.”

Aliufungua mfuko. Aliitoa lenzi, akaigeuza kwenye mwanga, akazungusha pete ya tundu, akasikiliza milio yake midogo mpaka mwisho. Kwa muda huo mfupi uso wake ulikuwa uleule wa pale langoni. Kisha akairudisha, akavuta zipu.

“Kamera niliuza Juni,” alisema. “Nikanunua ile.” Alionyesha kwa kidevu mashine ya kupaka plastiki vitambulisho. “Inalipa, maana watoto wanaokuja kuniita Friji wanakuja pia na kadi zao.”

“Nitakununulia kamera.”

“Pak.”

“Nina deni kwako, Nining. Niruhusu nililipe.”

“Unalo,” alisema. “Sikatai kwamba unalo. Lakini ukinipa kitabu, utasema umelipa. Utaenda kulala. Watu watasema, Pak Wiganda kamfaa mwanafunzi wake, mtu wa haki yule. Nilikuomba ufungue faili. Ilikuwa bure. Hukufungua.”

“Nilikosea.”

“Ndiyo.” Aliweka bahasha juu ya mfuko wa lenzi, akavisukuma vyote viwili hadi ukingo wa meza upande wangu. “Sichukui. Si leo, si mwakani. Piga mwenyewe hicho kitabu.”

Msichana mwenye sare ya shule aliingia akiwa na cheti cha kuzaliwa. “Teh, nakala tano.”

“Pande mbili?”

“Mbele tu.”

Nining aliinua kifuniko cha mashine. Nilichukua bahasha na mfuko wangu, nikampisha msichana, nikatoka.